Kinga katikati ya mji: amande inaenda wapi?

Kila mara mji unapotangaza kwamba magurudumu mawili yasiingie katikati, sababu ni zilezile: usalama, usafi, msongamano. Sibishi sababu hizo. Pikipiki inayokimbia kati ya mama anayeuza mboga na mtoto wake ni hatari, hilo halina mjadala. Ila kwetu Katanga, mtu wa kinga (baiskeli, kwa wenzetu wa mashariki) alianza kutakiwa ajieleze katikati ya mji zamani sana, kabla hata ya kuwa na msongamano wa kuzungumzia.

Tuanze na Lubumbashi, wakati ule Élisabethville, mji ulioanzishwa 1910. Miaka kumi hivi baadaye Wabelgiji walihamishia makao ya Waafrika upande ambao leo tunaita Kamalondo, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, zone neutre. Sababu iliyotolewa ilikuwa mbu: asitoke kwa Mwafrika mwenye malaria akamfikia Mzungu kitandani. Lakini usiku mbu hakuombwa karatasi. Mtu njo aliombwa. Mwafrika asiye na ruhusa hakutakiwa kuonekana ville usiku, awe kwa miguu au kwa kinga.

Kolwezi ilizaliwa 1937, mtoto wa Union Minière, na ilizaliwa tayari imegawanywa: ville ya Wazungu, kambi za wafanyakazi karibu na migodi, na cité. Kinga katika mji kama huo ilikuwa mali kubwa. Tazama picha za zamani, mtu amesimama na kinga yake utadhani amesimama na bibi-harusi. Na serikali ilijua thamani yake, kwa hiyo ikaitoza kodi: kibati chenye namba na mwaka, kifungwe kwenye fremu. Bila plaki, amande. Waingereza walifanya hivyo hivyo Tanganyika na Kenya, wakaongeza kesi za kutembea usiku bila taa. Tayari hapo mambo mawili yalikuwa yamechanganywa: kulinda barabara, na kutafuta pesa kwa yule ambaye hawezi kukataa.

Uhuru ulikuja, mipaka ya rangi ikafutwa kwenye karatasi. Mwaka 1977 Zaire ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, na tarehe 30 Agosti 1978 ikapata code de la route mpya, sheria namba 78-022. Nawaomba wanafunzi wa droit wausome ule mkataba wenyewe, si kusimuliwa. Mtu anayesukuma baiskeli kwa mkono umemweka kwenye kifungu cha watembea kwa miguu. Amepanda, ni dereva. Ameshuka, ni mtu wa miguu kama wewe na mimi.

Ni jambo dogo? Hapana, hapa Lualaba ni jambo kubwa sana, na historia inaeleza kwa nini. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ikashuka mpaka chini ya tani 50,000 miaka michache tu baadaye. Mishahara ikakatika. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka na kile kilichoitwa "départ volontaire" (volontaire, ndiyo, kwa mtu ambaye hajalipwa miezi na miezi). Hapo kinga ikabadilika kazi. Haikuwa tena ya kumpeleka papa kazini, ikawa kamio. Magunia ya makala kutoka porini, mahindi, vidumu vya maji, na baadaye magunia ya madini ya wachimbaji kwenda kwenye madepo. Ukiona kinga imebeba magunia manne, mwenyewe hajapanda. Hawezi. Anasukuma, jasho linamtoka, kilomita na kilomita. Kisheria huyo ni mtu wa miguu mwenye mzigo. Mbele ya polisi wa ruleji anageuka kuwa "chombo".

Miji mingine ya kwetu imejaribu makatazo yake. Dar es Salaam ilizuia bodaboda kuingia katikati mwaka 2014. Kinshasa, wewa wamefukuzwa Gombe zaidi ya mara moja, na wakarudi. Kigali ni mfano wa peke yake: mwaka 2015 walifunga barabara moja ya katikati, magari ya matajiri na pikipiki za maskini vyote vikatolewa, na baadaye wakaweka viti na miti. Naona hapo njo tofauti ilipo. Mahali ambapo gari la mkubwa linapita na kinga inakamatwa, hiyo si mtaa wa watembea kwa miguu. Ni zone neutre imebadilishwa jina.

Sasa pesa. Tusifikiri ni tatizo la Waafrika tu. Uingereza, sheria ya 2014 iliruhusu halmashauri kukataza baiskeli kwenye mitaa fulani na kutoza faini ya papo hapo mpaka paundi 100, na baadhi zikakabidhi kazi hiyo kwa kampuni binafsi zinazolipwa kutokana na faini zilezile. Watetezi wa waendesha baiskeli wakalalamika: anayelipwa kwa kila faini atamtafuta mzee anayepita polepole, si kijana anayekimbia, kwa sababu kijana hakamatiki.

Kwetu, amande halali inapita kwenye note de perception, inalipwa kwenye akaunti ya Hazina, na unapewa risiti. Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca na wenzao walichunguza polisi wa ruleji wa Kinshasa kutoka ndani. Walikuta mapato yao yote ni mara tano ya yale yanayotokana na amande, na kwamba wakubwa wenyewe wanawapangia askari wa barabarani idadi ya madereva wa kuleta kituoni kila siku. Askari anayekusimamisha na yeye ana deni la jioni. Na mwenye kinga ya makala ni rahisi kuliko wote: hana mkubwa wa kumpigia simu, na mzigo wake ukizuiliwa mpaka jioni, wateja wameshanunua kwingine. Atatoa franka alizo nazo. Risiti hataiona.

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tutaajiriwa Dilala, Manika, au kwenye ofisi za mkoa, na siku moja mtu atakuletea arrêté ya kukataza kinga katikati ya Kolwezi, uiandike vizuri kwa Kifaransa. Uliza wapi makala yatapita kufika sokoni. Uliza kama anayesukuma ameandikwa humo, na kama jeep za kampuni nazo zimeandikwa. Halafu uliza namba ya akaunti.