Kutoka kiwanda cha meli hadi kifuani: eko ya moyo na watoto wa Chunya

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee moyo. Tena si ule wa mapenzi!

Ukitaja Chunya, wengi wanawaza dhahabu. Ilianza kupatikana eneo la Lupa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 watu walikuwa wanamiminika huko kutoka kila kona. Mchimbaji mdogo hajui kilichomo ndani ya jiwe mpaka alivunje. Madaktari wa moyo nao walikuwa hivyo hivyo: wanasikiliza kifua kwa nje, mengine wanakisia.

Huko Lund, Sweden, Dk. Inge Edler alichoka kukisia. Upasuaji wa kupanua mlango wa moyo uliosinyaa ulikuwa umeshaanza, lakini kama mlango huo unavuja pia, kuupanua kungemzidishia mgonjwa matatizo. Akamfuata mwanafizikia Hellmuth Hertz. Wakaanza na mashine ya mawimbi ya sauti waliyoiazima kwenye kiwanda cha meli mjini Malmö, iliyotumika kutafuta nyufa kwenye chuma. Oktoba 29, 1953 wakarekodi mwangwi wa moyo unaodunda. Eko ikazaliwa!

Kwa nini nawachosha na habari za Sweden? Kwa sababu ugonjwa wenyewe bado uko kwetu. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, hatibiwi ipasavyo, inafuata homa ya baridi yabisi, kisha kinga ya mwili wake inashambulia milango ya moyo. Anaendelea kucheza mpira kama kawaida, wakati mlango unaharibika kimya kimya.

Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Cambodia na kwa jirani zetu Msumbiji. Msumbiji walipimwa wanafunzi 2,170. Kwa kusikiliza kifua, madaktari walithibitisha wagonjwa 5. Kwa eko, 66! Mwaka 2021 Uganda nao wakatoa matokeo kutoka Gulu: watoto 818 wenye dalili za mwanzo kwenye eko walifuatiliwa miaka miwili. Waliochomwa penisilini kila baada ya wiki nne, asilimia 0.8 tu hali ilizidi kuwa mbaya. Wasiochomwa, asilimia 8.2.

Kuna jambo lingine linaloogopesha. Mlango wa kushoto ukivuja, moyo unasukuma damu pande mbili, mbele na nyuma. Kurudisha nyuma ni rahisi, hivyo kipimo cha nguvu ya moyo kinaonekana kizuri wakati msuli umeshaanza kuchoka. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa aina hii madaktari wanashtuka kipimo hicho kikifika asilimia 60, kiwango ambacho kwa mtu mwingine ni cha kawaida kabisa. Eko za kisasa zinaangalia pia jinsi msuli wenyewe unavyojivuta, na zinaweza kugundua uchovu huo mapema zaidi. Ukisubiri miguu ivimbe, umechelewa.

Tanzania hatujakaa bure. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo, safari ilikuwa India. Lakini kutoka Chunya hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya 800. Mzazi hafungi safari hiyo kwa mtoto ambaye bado anacheza mpira. Anaifunga akishazidiwa, na hapo sindano ya penisilini haiwezi tena kuurudisha mlango ulioharibika.

Kwa maoni yangu, kipimo kimfuate mtoto shuleni. Huko Gulu manesi waliofundishwa wameshapima wanafunzi kwa eko za mkononi, kwa hiyo si ndoto. Dhahabu ya Chunya tumeichimba karibu miaka mia moja. Sehemu yake ikinunua mashine chache za kuangalia vifua vya watoto wa pale pale, kuna ubaya gani?

Haya wadau, mnasemaje?