Kokoro na Samaki Wachanga wa Tanganyika

Zamani wavuvi wa ziwa letu walitoka usiku usio na mwezi. Mbele ya mtumbwi waliwasha moto wa kuni. Ndagala wakafuata mwanga, nao wakawateka kwa lusenga, wavu wa mfuko wenye mti mrefu. Miaka ya 1950 taa za karabai zilishika mahali pa kuni, na meli za Wagiriki zikaanza kuvua kwa nyavu kubwa za kuzingira. Hayo twayapita, kwa maana hasara tunayotaka kuieleza iko karibu na nchi kavu.

Kokoro huvutwa mpaka ufukoni. Katika maji hayo machache kuhe, dume na jike, hulinda watoto wao pamoja. Sangala wachanga nao hukulia huko penye majani. Kokoro lenye macho madogo, pengine limeshonwa kwa chandarua, huwazoa wote. Nyavu za kutega nazo humkamata swila wa maji: hufuata samaki, hukwama, akafa kwa kukosa pumzi. Wataalamu wamempa nyoka huyu jina la Storms, yule askari Mbelgiji aliyejenga kituo cha Mpala mwaka 1883, kikakabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. (Heshima ya ajabu, kukumbukwa kwa nyoka!)

Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikaanzishwa mwaka 2008. Baadaye zikakubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.

Lakini mama wa nyumba ya mvuvi hapa Kalemie apike nini miezi hiyo? Tena mvuta kokoro mara nyingi hana mtumbwi; wavu huo ndio shamba lake. Kuuchoma moto bila kumpa mwingine wa macho mapana ni kumfundisha kuvua kwa kujificha. Twaona afadhali wavuvi wenyewe wapatane ghuba ipi iachwe kuhe wakitaga, wasitege kwenye miamba ya swila, na makokoro yabadilishwe kidogo kidogo kwa mkopo unaolipwa kwa samaki. Ndagala waliokauka vema huweza kuwekwa. Wanawake wanaowaanika wakipata ghala kavu kabla ya Mei, nyumba nyingi zitavuka hadi Agosti.