Kulinganisha Mikanda ya Vipimo vya Leza Nchini Uholanzi, 1996–2003

Takribani robo ya ardhi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Mapema mwaka 1995, mito Rhine na Meuse ilipofurika, watu wapatao 250,000 walihamishwa makwao. Katika nchi ya namna hiyo, kosa la sentimita kumi katika kimo cha ardhi si jambo dogo. Hivyo ndivyo inavyopasa kuutazama mradi wa Actueel Hoogtebestand Nederland, ambao vipimo vyake vya awali vilikusanywa kwa ndege kati ya 1996 na 2003.

Ndege iliyobeba leza ilikwenda na kurudi, ikiacha mikanda ya vipimo iliyopandana pembezoni. Pale ilipopandana, shamba lilelile lilipata vimo viwili visivyokubaliana. Kosa katika nafasi iliyotolewa na setilaiti liliinua au kushusha ukanda mzima. Kosa katika kupima mlalo wa ndege liliuinamisha. Matokeo yake yalikuwa kama ngazi katikati ya malisho tambarare, ngazi ambayo mkulima wa mahali hapo hakuwahi kuikanyaga.

Kanuni ya Besl na McKay ya 1992, ya kusogeza umbo moja hadi likae juu ya jingine, ilikwisha julikana. Hata hivyo, kwa nukta moja katika kila mita 16 za mraba, umbo la kushikilia halikuwepo: bapa huteleza juu ya bapa. Mwaka 2000, Crombaghs, Brügelmann na de Min walichagua njia ya kiasi zaidi. Kila ukanda ulipewa visivyojulikana vitatu tu, yaani kupanda kwake na miinamo yake miwili. Tofauti za nukta nyingi katika maeneo tambarare zilipatiwa wastani, kisha mikanda yote ikakokotolewa kwa pamoja, ikisaidiwa na mikanda iliyokatiza.

Uzuri wa njia hiyo ulikuwa pia hatari yake. Mikanda huweza kukubaliana yenyewe kwa yenyewe na bado yote ikawa imekosea. Ndiyo maana viwanja vilivyopimwa ardhini havikuweza kuachwa. Kusogea kwa mlalo, nako, hakukuonekana kwenye malisho. Kulihitaji mapaa ya nyumba yenye mteremko, na mapaa hayo yalionekana bayana katika awamu ya pili, iliyoanza 2007, nukta zilipokuwa kadhaa katika kila mita ya mraba.