Kutoka Rafia hadi Kitenge: Michoro ya Wakuba na Nguo za Kiwandani katika Kongo

1. Utangulizi

Katika masoko ya Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, kitenge, ambacho wengi wetu hukiita kikwembe, ni vazi la heshima. Mwanamke hukivaa arusini na matangani, hukiweka akiba sandukuni, tena hukitoa kuwa zawadi kwa mkwe. Kwa hiyo kimekuwa alama ya Uafrika wenyewe. Lakini mtu aulizapo michoro yake ilitoka wapi, historia humpa jibu la kushangaza: njia ya kitenge ilipita Java na Uholanzi kabla ya kufika kwetu, hali katika nchi hii hii, baina ya mito Kasai na Sankuru, waliishi watu ambao michoro ya nguo zao ilistaajabisha ulimwengu.

Makala haya yanazitazama historia hizo mbili, ile ya nguo ya rafia ya Wakuba na ile ya kitenge cha kiwandani, ili kuuliza kwa namna gani michoro ya jadi yaweza kuingia katika nguo za kisasa. Hoja yetu ni moja. Mchoro hauhami kwa kunakiliwa umbo lake tu; huhama kweli pale anapokuwapo mtu mwenye haki ya kuubadilisha na kuupa jina.

2. Nguo ya rafia na kazi yake

Ufundi wa rafia si wa Wakuba peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Pacheco Pereira aliandika juu ya nguo za ufalme wa Kongo, zilizofumwa kwa nyuzi za majani na kuwa na manyoya mfano wa mahameli, akazisifu kuwa hazikushindwa na zile za Italia. Katika karne ya 17, huko Luanda, vipande vya nguo za rafia vilitumika kama fedha. Wakuba wenyewe husimulia kwamba ufundi huo uliletwa kwao na Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa karne ya 17, aliyeupata katika safari zake upande wa magharibi.

Kazi iligawanywa baina ya wanaume na wanawake. Mwanamume alitunza miwale, akakata majani machanga, akachambua nyuzi na kuzifuma katika kitanda cha kufumia kilichosimama kwa kuinama kidogo. Kwa kuwa uzi haukuweza kuwa mrefu kuliko jani lenyewe, kila kitambaa kilikuwa kipande kifupi, karibu mraba. Kilitwangwa kinuni ili kilainike, kisha vipande vingi viliungwa pamoja kuwa vazi la kujizungushia kiunoni lenye urefu wa mita kadhaa.

Hapo ndipo mtarizi alipoanza. Katika nguo iitwayo mahameli ya Kasai, ambayo Washoowa ndio hodari wake, mwanamke hupitisha uzi wa rafia chini ya mitande au mishindio michache, yaani nyuzi za urefu au za upana, kisha huukata juu ukiacha manyoya mafupi pande zote mbili. Hafungi fundo, uzi hushikwa na kubana kwa kitambaa chenyewe. Nyuzi nyingine hutiwa rangi, na nyekundu hupatikana kwa unga wa mti uitwao tukula. Kipande kimoja chaweza kumchukua miezi mingi, naye hachori kielelezo kabla ya kuanza. Mchoro umo akilini mwake.

Nguo hizo hazikuwa pambo tu. Zilivaliwa katika sherehe za kifalme, zilitolewa katika ndoa, na zaidi ya yote zilimsindikiza maiti kaburini. Mtu alizikwa na nguo za ukoo wake ili atambulikane huko aendako. Ndiyo maana kazi ya miezi mingi haikuhesabiwa kuwa hasara hata ilipofukiwa ardhini.

3. Mchoro, jina na mabadiliko

Wengi hudhani kwamba mchoro wa jadi ni kitu kisichobadilika, urithi ambao kila kizazi hukabidhi kingine bila kuugusa. Historia ya Wakuba yakanusha dhana hiyo. Mfalme mpya alitarajiwa kuwa na mchoro wake mwenyewe, nao ulichongwa juu ya ngoma ya utawala wake. Tena imesimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki, wakitumaini kumshangaza. Chombo chenyewe hakikumvutia sana, bali alama za magurudumu yake mchangani zilimpendeza hata akaamuru zinakiliwe, na mchoro huo ukapewa jina lake. Aliyefanya hivyo hakuwa mtu aliyeipa jadi kisogo. Alikuwa ndiye mlinzi wake mkuu.

Majina nayo yana mafunzo. Mchoro mmoja uliosukwa kama fundo huitwa imbolo, nao huonekana nguoni, katika vikombe vya mti na hata katika chale za mwilini. Lakini watafiti waliowauliza mafundi waligundua kwamba mtarizi na mchonga mti huweza kuupa mchoro ule ule majina mawili, kwa maana kila mmoja hutazama sehemu anayoiona kuwa kiini chake. Kwa hiyo jina halikubandikwa juu ya umbo kama lebo. Jina lilikuwa hukumu ya fundi juu ya kazi iliyo mbele yake.

4. Michoro yasafiri bila wenyewe

Mwaka 1892 mmisionari Mmarekani mweusi, William Sheppard, aliingia katika mji mkuu wa Wakuba. Vitu alivyokusanya vilifika baadaye katika chuo cha Hampton, huko Virginia. Mwaka 1908 Emil Torday alikaa Mushenge akikusanya kwa ajili ya jumba la makumbusho la Uingereza lililoko London. Tangu hapo nguo za Kasai zilienea Ulaya. Mchoraji Henri Matisse alitundika vipande kadhaa katika ukuta wa chumba chake cha kazi, akavitazama miaka mingi. Hesabu pia ilivutwa: mwaka 1971 Donald Crowe alionyesha kwamba kati ya namna 17 ambazo mchoro unaojirudia waweza kuujaza uso bapa, Wakuba walitumia 12, na namna zote 7 za kujirudia katika ukanda walizifahamu.

Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo zilikuja na upungufu mmoja mkubwa. Katika makumbusho na vitabu, majina ya wakusanyaji yamehifadhiwa vizuri, na ya watarizi kwa kawaida hayamo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, michoro hiyo ilipochapwa juu ya vitambaa vya viti na mapazia huko Ulaya na Marekani, ilichapwa kama mali isiyo na mwenyewe. Tena rola ya kuchapa hurudia picha ile ile kila izungukapo, hali mtarizi wa Kishoowa huanza na kanuni moja pembeni, huipanua katikati, kisha huivunja kwa makusudi anapokaribia ukingo. Kilichonakiliwa ni kipande cha sentensi, si usemi mzima.

5. Kitenge na viwanda vyetu

Katika karne ya 19, wenye viwanda vya Uholanzi, miongoni mwao kampuni ya P. F. van Vlissingen iliyoanzishwa Helmond mwaka 1846, walijaribu kuiga kwa mashine nguo za batiki za Java, zinazochorwa kwa nta. Katika nguo za mashine, utomvu uliotumika badala ya nta ulipasuka na kuacha mishipa ya rangi isiyotakiwa. Wajava hawakuipenda kasoro hiyo. Wanunuzi wa Afrika ya Magharibi waliipenda, na tangu mwishoni mwa karne hiyo biashara ikaelekezwa kwao, kisha ikashuka hadi Kongo.

Hapa kwetu, kampuni ya Texaf ilianzishwa mwaka 1925, na kiwanda chake cha Léopoldville kilijulikana kwa jina la Utexléo, baadaye Utexafrica. Albertville, ambayo leo ni Kalemie, ilipata kiwanda cha Filtisaf katika miaka ya 1940. Kisangani ikapata Sotexki katika miaka ya 1970. Pamba ililimwa na wakulima wetu, wengi wao kwa shuruti wakati wa ukoloni. Siasa ya uhalisi iliyotangazwa na utawala wa Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikipa kitenge cheo cha vazi la taifa, na sura ya rais ikachapwa juu yake. Lakini kuwavalisha wanawake kitenge ni jambo moja, na kumwita mtarizi wa Kasai aketi pamoja na wachoraji wa kiwanda ni jambo jingine. Siasa ile ilishughulika na la kwanza.

Walioirudisha desturi ya zamani ni wanawake wa sokoni, bila amri ya mtu. Nguo ilipofika kutoka kiwandani ikiwa na nambari tu, wao waliipa jina: la methali, la mume, la mke mwenza, la tukio la mwaka ule. Nguo yenye jina ilinunuliwa; isiyo na jina ililala dukani. Kwa hiyo ile haki ya mtarizi ya kuhukumu mchoro haikufa, bali ilihamia kwa mwuzaji na mvaaji.

Viwanda vyenyewe havikudumu. Utaifishaji wa mwaka 1973, uporaji wa 1991 na 1993, vita, na nguo za bei ndogo kutoka Asia vilividhoofisha. Filtisaf ilifungwa, Utexafrica ilizima mashine zake mwaka 2007, na kiwanja chake Kinshasa kikawa mahali pa nyumba na ofisi za kupangisha.

6. Mafunzo kwa wachoraji wa nguo

Ghana yatupa mfano wa kulinganisha, kwa kuwa nayo ilikuwa na michoro ya kente na adinkra iliyoingia viwandani. Mwaka 1985 nchi hiyo iliweka sheria ya haki za waandishi iliyojumuisha sanaa za jadi, na sheria ya mwaka 2005 ikaendeleza ulinzi huo. Sheria haikuzuia nguo za kuiga kutoka nje kujaa sokoni, lakini ilithibitisha kwamba mchoro una wenyewe.

Kwetu sisi, yafaa mambo matatu. Kwanza, mchoraji ajifunze kanuni, si umbo tu. Uchapaji wa kompyuta, usiofungwa na mzunguko wa rola, waweza kuufanya mchoro ubadilike mita baada ya mita, kama ubadilikavyo mkononi mwa mtarizi. Pili, pindo la kitenge, ambalo kwa muda mrefu limebeba jina la kiwanda, libebe pia jina la mchoro na la mahali ulipotoka. Tatu, mtarizi ashirikishwe na kulipwa kama mbunifu, maana yeye ndiye ajuaye wapi kanuni yaweza kuvunjwa.

7. Hitimisho

Mfalme aliyenakili alama za gurudumu hakuogopa kitu kipya, kwa sababu alijua ni nani mwenye kukipa jina. Wasiwasi wetu leo ni kinyume chake: michoro ya zamani ingaliko, na wenye kuitaja wanapungua. Lugha yetu nayo ina deni. Maneno kama mtande na mshindio yamo kamusini, lakini wanafunzi wetu wengi hawajawahi kuyatamka. Tungependekeza wanafunzi wa idara za lugha na wale wa shule za sanaa watumwe pamoja kwa watarizi wazee, wakaandike majina ya michoro kwa Kikuba na maelezo yake kwa Kiswahili, pamoja na jina la kila aliyeyatoa. Orodha hiyo ikishakuwapo, mchoraji wa kitenge hatakuwa na udhuru wa kusema kwamba mchoro aliouchukua haukuwa na mwenyewe.