Sekunde 40 kati ya Kinshasa na sisi

Bandugu wa promosyo, leo siandiki juu ya vita wala wafalme. Nataka tuongee historia ya kitu kidogo: ile nafasi kati ya jurnali ya taifa na jurnali ya jimbo. Wengi wetu tunaionaga kama nafasi ya kwenda kufunga kuku.

Mimi niliijua kwa kosa langu. Nilikuwa mu staji katika kituo kimoja cha televizyo hapa Lubumbashi. Kazi yangu: jurnali ya Kinshasa ikiisha, nibonyeze kifungo, komunike za vifo zianze. Siku ile msomaji wa Kinshasa alipitisha saa. Kanda yetu ilikuwa tayari inazunguka, na mimi niliogopa kumkata mtu katikati ya maneno. Nikangoja sekunde 40. Jina la kwanza la marehemu likapotea. Kisha siku mbili, mama mmoja akasimama kwenye mlango wa kituo.

"Mwanangu, watu wetu wa Kipushi hawakusikia. Tulizika bila wao."

Sikuwa na jibu. Nilisema tu: "Mama, unisamehe."

Papa mmoja, fundi wa zamani, akaniambia: "Mwana, hii nchi iko na saa mbili." Na ni kweli. Kinshasa ikiwa saa 20, huku Lubumbashi, Goma na Kisangani ni saa 21. Jurnali ya taifa inatukutaga watoto wamesha kulala. Ikichelewa, inakula muda wa jimbo, siyo muda wa Kinshasa.

Tabia hiyo iko na mizizi. Televizyo ya taifa ilianza mwaka wa 1966, chini ya Mobutu, na ilijengwa ili sauti moja itoke mahali pamoja. Mu miaka ya 1970, jurnali ilifunguliwa na uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Nani angethubutu kukata picha ile juu ya habari za Kolwezi? Majimbo yalifundishwa kupokea. Kupeana zamu hakukuwa sehemu ya somo.

Kwingine walijifunza mapema. Uingereza, BBC ilianza habari za televizyo za mikoa mwaka wa 1957. Ufaransa, FR3 ilizaliwa mwaka wa 1975 na neno "mikoa" ndani ya jina lake, na mwaka wa 1990 ikaanzisha 19/20, ambamo habari za mikoa na za taifa zilikaa mu kipindi kimoja. Dawa yao siyo uchawi. Saa ni moja kwa wote. Msomaji wa taifa anajua sekunde ya kumaliza, na anawaaga watazamaji kwa maneno ambayo mafundi wa mikoa wanayangojea. Hata satelite inahesabiwa: iko juu karibu kilomita 36,000, basi picha inachelewa kama robo ya sekunde kupanda na kushuka, mbali na muda ambao mashine zinachukua kuipanga.

Kwa hiyo, nyuma ya ufundi kuna swali la heshima: nani anamungojea nani? Katiba yetu ya 2006 inataja luga ine za taifa, na tangu 2015 tuko na majimbo 26. Tukisema tu "majimbo yajipange", bila Kinshasa kufunga kinywa kwa saa, tutakuwa tumegawanya ramani bila kugawanya muda.

Papa fundi hakungoja katiba. Kesho yake aliweka muziki wa dakika moja mbele ya komunike. Kinshasa ikichelewa, tunaingia katikati ya muziki, na hakuna anayelia.

"Muziki unakatwa popote," alisema. "Jina la mutu, hapana."