Bukini, Misri na Gambia: Mabata Wasio na Jina la Kwao

Lugha yetu ina desturi ya kuwaita wageni kwa bandari walizotokea. Bata, ambaye jina lake lenyewe tumelipata kwa Waarabu, alipokuja ndugu yake mwenye shingo ndefu na sauti ya tarumbeta, watu wa pwani walimwita bata la Bukini. Bukini ndiyo Madagaska, na jina hilo lilikwisha kuzoeleka katika karne ya 19, wakati majahazi ya Unguja yakienda Majunga na kurudi. Seyyid Said mwenyewe alipata kumposa Malkia Ranavalona wa kisiwa hicho, ingawa ndoa haikufungwa.

Lakini Bukini haikuwa asili ya ndege huyu. Mabata bukini wanaofugwa duniani wana nasaba mbili. Wa kwanza wametokana na bata mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Wa pili wametokana na bata mwitu wa Asia ya Mashariki, waliofugwa China. Madagaska ilikuwa kituo tu, na jina likamnata ndege kama vumbi la safari. Tusijicheke peke yetu. Waingereza humwita bata mzinga kwa jina la Uturuki, Wafaransa kwa jina la India, naye ni mzaliwa wa Amerika. Wafugaji wa Magharibi wanaye bata bukini wanayemwita wa Afrika, ilhali nasaba yake ni ya China.

Kuwatenganisha wafugwao si kazi ngumu. Mwenye damu ya Ulaya ana mdomo wa rangi ya machungwa, laini tangu ncha hadi paji la uso. Mwenye damu ya China ana nundu pale mdomo unapokutana na paji. Wote wawili ni wazito wa tumbo, na wafugwapo kwa vizazi vingi hupoteza uwezo wa kuruka mbali.

Ugumu huanza tuachapo pwani tukaenda bara, hadi Nyamongo, katika Wilaya ya Tarime, nchi ya Wakurya. Karibu na hapo hupita Mto Mara, utokao katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukakatiza mbuga za Serengeti, ukajimwaga katika Ziwa Viktoria. Kandokando ya maji hayo wako ndege ambao msafiri wa pwani angewaita mabata bukini bila kusita, naye angekosea.

Mmoja ni wa rangi ya hudhurungi, mwenye duara jeusi-jekundu kuzunguka jicho, kana kwamba amepaka wanja usiku akaamka nao. Kifuani ana doa, miguu yake ni ya waridi, na arukapo mabawa huonyesha weupe mkubwa. Hutembea wawili wawili, dume na jike. Jike hupiga kelele, dume hufoka kwa sauti ya kukwaruza. Wataalamu humwita kwa jina la Misri, kwa kuwa Wamisri wa kale walimchora na kumfuga. Linnaeus akalithibitisha jina hilo mwaka 1766. Hata hivyo si bata bukini wa kweli, na makao yake yameenea karibu Afrika yote kusini ya Sahara.

Wa pili ni mkubwa kuliko mabata wote wa Afrika. Dume huweza kupita kilo sita. Mgongo wake ni mweusi wenye mng'ao wa kijani, tumbo jeupe, uso mwekundu usio na manyoya. Kwenye kiungo cha bawa ana mwiba mgumu, mfano wa ule ulio mguuni mwa jogoo, nao ni silaha yake. Mwaka uleule wa 1766 Linnaeus alimpa jina la Gambia.

Basi tazama: wa kwanza ana jina la kisiwa asichozaliwa, wa pili jina la Misri, wa tatu jina la mto wa Afrika Magharibi. Wawili kati yao hunywa maji ya Mara kila asubuhi, na Kiswahili sanifu hakijawapa jina moja lililokubalika na watu wote.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Nyamongo ni nchi ya dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na mwezi Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia katika Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mara. Machi 2022 maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ikataja kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Katika kadhia kama hizi shahidi huulizwa: nani alikuwapo jana, na leo hayupo? Mwenye neno moja tu, bata, hawezi kujibu. Akitoweka mwenye wanja, atasema mabata wangalipo, maana amemwona mwenye mwiba.

Washairi wetu wamehifadhi majina ya pepo, ya nyota na ya vyombo vya baharini, hata pale vyombo vyenyewe vilipotoweka. Kazi kama hiyo yatakiwa bara. Wa kuulizwa kwanza ni wenyeji wa mto, Wakurya na jirani zao, kwani majina wanayowaitia ndege hawa ndiyo yenye haki ya kutangulia. Yakipatikana, yaingie katika kamusi na katika mashairi, na jina la Bukini abakiwe nalo yule wa uani.