Makomamanga ya Chuma

Vyombo vingi vya kale huwa adimu kwa sababu vilichakaa au vilitupwa. Bomu la mkono ni adimu kwa sababu nyingine: liliundwa ili lipotee. Likitimiza kazi yake huacha vipande na vilio. Lisipotimiza, ndipo huweza kufika makumbusho. Basi kila bomu zima lililosalia ni shahidi wa jambo ambalo halikutendeka, na mwenye kulichunguza hana budi kuuliza kwanza limesaliaje.

Jina lake lilitokana na tunda. Kwa Kifaransa komamanga na bomu la mkono huitwa kwa neno moja, maana gamba la tunda limejaa punje kama gamba la chuma lilivyojaa baruti. Kiswidi kimehifadhi undugu huo: handgranat ni bomu, na granatäpple ni komamanga. Guruneti la Kiswahili ni la ukoo huohuo, ingawa alisikiaye haoni tena tunda ndani yake.

Skandinavia haikuwa mnunuzi tu wa silaha hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mnorwe Nils Waltersen Aasen, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1925, alibuni bomu lenye uzi mrefu. Bomu liliporushwa, uzi ulikunjuka na kuondoa kinga likiwa limekwisha kuwa mbali na mrushaji. Mabomu ya Aasen yaliuzwa kwa majeshi ya nchi nyingine, na kwa hiyo kazi ya akili ya Kinorwe yaweza kuokotwa mbali sana na Norwe.

Kinyume chake pia ni kweli. Wajerumani waliivamia Norwe tarehe 9 Aprili 1940, wakakaa humo hadi walipojisalimisha Mei 1945. Walileta bomu lao la mpini wa mti la mwaka 1924, na lile dogo lenye umbo la yai la mwaka 1939. Waingereza walikuwa na bomu la Mills, lililoanza kutumika mwaka 1915. Mwezi Oktoba 1944 majeshi ya Kisovieti yaliingia Kirkenes, kaskazini kabisa. Tena Wanorwe zaidi ya 10,000, waliokimbilia Uswidi, walifunzwa huko kwa jina la askari polisi, wakarudi kwao na silaha za Kiswidi. Ardhi moja ikapokea chuma cha mataifa mengi. Mahali kitu kilipopatikana hapathibitishi kilikozaliwa.

Ndiyo sababu mjuzi hutazama chapa kabla ya umbo. Viwanda vya Ujerumani vilificha majina yao nyuma ya herufi chache. Waswidi huandika herufi m, mkwaju, kisha tarakimu za mwaka, kama m/39. Hapo wengi hujikwaa, kwani mwaka huo ni wa namna ya silaha, si lazima uwe wa kutengenezwa kwake: bomu la namna ya zamani laweza kuwa limetoka kiwandani miaka mingi baadaye. Anayeikwangua kutu ili chuma king'ae huenda akafuta rangi na herufi zilizokuwa ushahidi wote.

Lakini ushahidi huu haufanani na chungu wala sarafu. Vita vikiisha kwa mkataba, baruti haisomi mkataba. Kinga huliwa na kutu, na bomu lililoshindwa kulipuka mwaka 1940 halikuahidi kushindwa milele. Tena bomu la mazoezi, lisilo na baruti, laweza kufanana na la vita kiasi cha kumdanganya aliyezoea. Kwa hiyo anayelikuta shambani haligusi wala halichukui. Hukumbuka mahali, hujitenga, na kuwaita polisi. Kulitambua ni kazi ya baadaye, wataalamu wakishaliondolea madhara.

Elimu ya mambo ya kale hutaka kila kitu kihifadhiwe. Hapa inampasa mwanachuoni akubali kwamba mengine hulipuliwa palepale yalipolala, na historia hubaki na picha, vipimo, na maandishi ya chapa. Hasara hiyo ni ndogo. Bomu lililokosa kumwua askari halina haki ya kumpata mtoto wa mkulima kwa ajili ya kujaza kabati.